Mpira Ulivyonitoa Maabara

Kabla ya jambo lolote, msipulize glavu kwa mdomo.

Nimeliweka hili juu kabisa kwa sababu najua watu wanavyosoma maandishi ya mtu aliyeacha kazi. Mnasoma mistari michache, mnaona ni hadithi za zamani, mnafunga. Basi ukifunga hapa, angalau hilo utakuwa umeondoka nalo. Ukitaka kujua kama glavu ya mpira imetoboka, ijaze maji bombani, ikunje mdomo, ibane kwa mkono, uangalie inavuja wapi. Mimi nilizipuliza, moja moja, kila wiki, kwa miaka. Ndiyo maana leo nina miaka thelathini na mitatu, sina mvi hata moja, na ni mstaafu.

Chekeni tu. Wenzangu niliosoma nao ndiyo kwanza wanathibitishwa kazini. Mimi nimeshaagwa, nimeshapewa vitenge na seti ya vikombe, nimeshasikiliza hotuba. Nakaa kwa dada yangu hapa Nyahanga, nafundisha tuisheni ya kemia kwa chaki na mdomo, na jioni nikipanda ngazi za nyumba haraka nasikia kifua kinanikumbusha mahali nilikotoka.

Naandika kwa ajili yenu mnaoanza: wasaidizi wa maabara, walimu wa kujitolea, na yeyote aliyekabidhiwa funguo za chumba chenye chupa bila kuambiwa afanye nini. Wengi wenu mtajifunza wenyewe, kama mimi. Sikusomea. Matokeo yangu ya kidato cha sita hayakunipeleka chuo chochote. Nikatoka kwetu Kishapu nikaenda Geita kwa mama mdogo, kata ya Kalangalala, nikitafuta kazi ya kuuza duka. Nikasikia kuna shule ya sekondari inatafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara. Niliajiriwa kuosha vyombo. Mengine yote niliyafuata mwenyewe.

Aliyenipokea ni Mwalimu Shija, mwalimu wa kemia. Mrefu, mpole, anaongea kama mtu aliyezaliwa amechoka. Aliniuliza swali moja tu.

"Ukivunja bika utaniambia?"

"Nitakuambia, mwalimu."

"Basi anza leo."

Wiki haijaisha nikavunja bika. Nilimfuata ofisini nikiwa nalia, vipande nimevifunga kwenye gazeti kama maiti ya ndege. Akavitazama, akanitazama.

"Minza, hii ni bika. Si mtoto wa mtu. Kaoshe uso."

Mimi niko hivyo, na sitaficha. Ni mtu wa kurudi mlangoni. Nilikuwa nafunga gesi, nafunga maabara, nafika barabarani, halafu naona kabisa akilini koki ya gesi iko wazi na shule inawaka. Narudi. Koki imefungwa. Naondoka, narudi tena. Mlinzi wa getini alishanizoea: "Madam, mlango bado upo. Hatujauuza." Kila lebo niliiandika upya mpaka herufi zikae sawa. Onyesho lolote kabla halijaenda darasani nililijaribu peke yangu, na likiharibika nilijiona nimeiba mshahara wa watu. Hakuna aliyenidai ukamilifu huo. Niliudai mwenyewe, na niliulipa mwenyewe.

Nilijifunza kwa kitabu cha majaribio kilichopoteza kurasa za mwanzo na za mwisho, na kwa video za simu. Kwenye zile video mtu amevaa koti jeupe, anafungua kiboksi, kila kitu kimo ndani. Sisi hatuna kiboksi. Swali la kujiuliza daima ni hili: kitu hiki hapa mjini kinatumiwa na nani, kwa kazi gani? Mara nyingi kipo, ila kinauzwa na mtu asiyejua kwamba ni kemia.

Mwalimu Shija ndiye aliyenisukuma kwenye polima. Alisema ukimwambia mwanafunzi kwamba polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoshikana, ataandika, atakariri, atafaulu, na hatajua umesema nini. "Waonyeshe kitu kinachovutika," alisema. "Wakishavuta, ndipo niwaambie walichovuta."

Kwa hiyo nikawa mtu wa vitu vinavyovutika.

Cha kwanza ni makamasi. Jina hilo walilitoa wanafunzi wenyewe, na sikuwahi kuwashinda. Unachukua gundi nyeupe ya mbao kutoka duka la vifaa vya ujenzi, unaizimua kwa maji nusu kwa nusu, halafu unaimiminia boraksi iliyoyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu. Minyororo ya gundi inashikwa pamoja na boraksi, na kitu kilichokuwa kikitiririka kinaanza kuning'inia. Miminia kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukiimwaga yote mara moja unapata donge gumu linaloelea kwenye maji, na darasa zima linakutazama.

Boraksi Geita haikosekani, maana wanayeyushia dhahabu. Ndiyo inayovuta uchafu dhahabu ibaki safi. Nilikwenda kwenye duka la kuyeyushia la Baba Zaituni. Wachimbaji walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu zao.

"Shikamoo, Baba Zaituni."

"Marahaba. Mzigo uko wapi?"

"Sina mzigo. Nataka boraksi tu, kidogo. Ni ya shule."

"Shule?" Akageukia benchi. "Mnasikia? Shule nayo inayeyusha. Ndiyo maana ada inapanda."

"Muulize duara lao la kuchimbia dhahabu liko wapi," akasema mmoja, "tukahamie."

Nikaeleza. Gundi, boraksi, minyororo ya molekuli, kitu kinachovutika kama makamasi. Benchi lote likanyamaza kwa heshima, kama watu waliopata habari ya msiba.

"Makamasi," akasema Baba Zaituni taratibu. "Mzazi anauza ng'ombe, mtoto anatengeneza makamasi."

Akanyoosha mkono kuchota kwenye kopo lililokuwa wazi mezani. Nikamwomba anipe pakiti isiyofunguliwa, kwa sababu kijiko cha pale mezani hushika na zebaki, na boraksi ile ingeishia mikononi mwa watoto wa watu.

"Unaniona mchafu?"

"Hapana, baba. Naogopa kijiko."

"Anaogopa kijiko!" Benchi lilicheka mpaka mmoja akakohoa. Tangu siku ile nikipita mtaa ule naitwa Mwogopa Kijiko, lakini pakiti nilipewa, na kila nilipokwenda nilipewa iliyofungwa. Ninyi nanyi iombeni iliyofungwa. Wacheni wacheke.

Cha pili ni plastiki ya maziwa. Pasha maziwa yawe moto bila kuchemka, tia siki, koroga. Protini inaganda mabonge. Chuja kwenye kitambaa, kamua, finyanga umbo unalotaka, anika kivulini. Baada ya siku kadhaa linakuwa gumu kama kifungo cha shati. Mwanzoni nilianika juani kwa haraka ya kuona matokeo, vyote vikapasuka. Lakini shida kubwa haikuwa jua. Nusu ya darasa walitoka nyumba za wafugaji, na nilipomimina siki kwenye maziwa ulisikika mguno kama nimempiga mtoto.

"Madam," msichana mmoja wa kwetu Kishapu akasema, "nyumbani ukifanya hivyo unalala nje."

"Ni kemia hii."

"Mwambie hivyo bibi yangu."

Na cha tatu, ambacho nilikipenda kuliko vyote, ni mpira wenyewe. Ning'iniza kipande chembamba cha mpira wa ndani wa baiskeli, kifunge jiwe chini, halafu kimwagie maji ya moto. Waulize kwanza jiwe litashuka au litapanda. Wote watasema litashuka, maana wameshafundishwa kwamba vitu vikipata joto hutanuka. Jiwe linapanda. Mpira ukipata joto hujikunja. Nilishuhudia wanafunzi wenye akili zao wakichungulia juu ya meza kutafuta uzi nilioficha.

Kisha kinyume chake: mpira ukivutwa ghafla, unapata joto. Joto lenyewe ni dogo, mkono hauwezi kulihisi vizuri. Mdomo unaweza. Kwa hiyo unachukua rababendi pana, unaigusisha mdomoni ikiwa imelegea, unaivuta kwa nguvu, unaigusisha tena. Nilifanya hivyo mbele ya kila darasa, kila mwaka, nikatabasamu na kusema, "Umepata moto. Nani anataka kujaribu?"

Sasa nirudi kwenye glavu.

Glavu zilikuwa chache, na mimi sikuweza kuvumilia mwanafunzi ashike asidi mikono mitupu. Kwa hiyo hatukutupa glavu. Kila Alhamisi mchana niliziosha, nikazianika kwenye kamba ndani ya stoo ya maabara, na zikikauka nilizipuliza moja moja kuona kama zimetoboka na kuvigeuza vidole vilivyojikunja ndani. Ili zisigandane nilizitia unga wa mhogo, mlaini, niliouchekecha kwenye kitambaa cha kanga. Kisha nikazipuliza tena ili unga uenee. Hakuna aliyenifundisha. Nilibuni mwenyewe, na nilijivunia. Wageni waliponitembelea niliwafungulia stoo waone glavu zilivyopangwa kwa saizi, nyeupe, kavu, kama mikono ya watu inayosubiri kazi.

Kwanza vilianza vidole. Vikawasha, vikapasuka. Nikalaumu sabuni. Halafu macho na pua, chafya juu ya chafya, hasa siku za Alhamisi. Halafu nikaanza kuwashwa mdomoni nikila parachichi, nikaacha kula parachichi bila kujiuliza. Mpaka siku ile darasani, kidato cha sita, nimemaliza kuvuta rababendi na nimesema umepata moto, msichana wa mbele akainua mkono.

"Madam, mdomo."

"Mdomo umefanyaje?"

"Umekua."

Darasa likaangua kicheko. Nikajigusa. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba, mzito, kama si wangu. Nilicheka nao, nikasema labda mdudu. Mwalimu Shija, aliyekuwa amesimama nyuma ya darasa, hakucheka.

"Minza, nenda zahanati."

Nikaenda. Huko niliambiwa ni kifua, ni vumbi la makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu; Geita nzima inakohoa. Nikapewa dawa ya kuvuta na nikaambiwa nikae mbali na vumbi. Na mimi ni mtu wa kutii maelekezo. Karasha la karibu lilikuwa likinguruma nyuma ya shule kutwa. Kwa hiyo nilifunga madirisha ya stoo, nikaziba nyufa kwa magazeti, nikaweka kitambaa kibichi chini ya mlango. Nikajifungia humo na kazi yangu, nikipuliza glavu, nikiwa salama na vumbi.

Mama alinipigia simu kutoka Kishapu. Dada alikuwa ameshamwambia kwamba sauti yangu imebadilika.

"Minza, nani hapo kazini anakutazama vibaya?"

"Hakuna, mama. Mhola tu, salama."

"Yupo. Kazi nzuri haikosi mtu."

"Mama, kazi yangu ni kuosha chupa."

"Wewe ndiye unaiona ya chupa. Mwenzio anaiona yote." Akaongeza: "Rudi nyumbani upumzike."

"Mitihani ya vitendo imekaribia."

"Mitihani ni ya watoto wa watu, mayu, mwanangu. Kifua ni chako."

Sikurudi. Niseme ukweli wangu wote: niliogopa kwamba nikiondoka hata kwa wiki moja, wangegundua kwamba maabara inaweza kwenda bila mimi. Nilikuwa nimejifunza kazi ile kwa kuokota okota, bila cheti, na kila asubuhi nilihisi kuna mtu atakuja kuniuliza nilisomea wapi. Maabara ile ndiyo iliyonifanya niwe mtu anayeitwa Madam. Bila hiyo nilikuwa msichana wa Kishapu aliyefeli kemia.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa na glavu nyingi kuliko kawaida, kwa ajili ya mitihani. Nimefunga kila kitu. Nilipuliza, nikapuliza, na nikafika mahali hewa ikawa inatoka lakini hairudi. Nakumbuka nilijaribu kuiweka glavu niliyokuwa nayo kwenye rundo lake, la saizi ya kati, kabla ya kutafuta mlango. Sikuufikia. Niliangusha rafu ya mirija ya majaribio, na hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu Mwalimu Shija alisikia vioo. Alinibeba mwenyewe mpaka kwenye gari la shule. Naambiwa njia nzima nilikuwa nikijaribu kumwambia kuhusu mirija iliyovunjika.

Nilichomwa sindano, nikapona kupona kwa siku ile, kisha nikapelekwa Mwanza kwenye hospitali kubwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Alinisalimia, akachomoa glavu kwenye boksi ili anipime, na kabla hajanigusa nikaanza kupiga chafya. Akasimama. Akazirudisha glavu, akaenda kunawa mikono, akafungua dirisha.

"Unafanya kazi gani, dada?"

Nikamwambia.

"Glavu mnazipata wapi?"

Basi nikamweleza. Siwezi kuwaficha: nilieleza kwa majivuno, huku hata pumzi sijaipata vizuri. Kuosha, kuanika, kuchekecha unga, kupuliza mara mbili, na madirisha nilivyoyaziba. Akaweka kalamu chini.

"Unazipuliza."

"Ndiyo."

"Zote?"

"Kila moja. Siachi hata moja."

"Na unga."

"Mlaini kabisa."

Halafu akanieleza bila kunicheka. Glavu zile zinatengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira, na utomvu ule unabaki na protini za mti. Protini inakamatwa na unga, unga unapaa, mtu anauvuta. Kuna watu ambao mwili wao, ukikutana na protini hiyo kwa wingi na kwa muda mrefu, siku moja unaikataa, na ukishaikataa haubadili mawazo. Akaniuliza kuhusu parachichi, jambo ambalo sikuwa nimemtajia. Protini zake zinafanana, alisema. Akauliza pia kuhusu ndizi.

"Kwa hiyo si vumbi la karasha," nikasema.

"La karasha lilikuwa nje. Wewe ulikuwa umejifungia na la kwako."

Mtu angetegemea niogope kifo. Mimi nilichohisi kwanza ni aibu ya mwanafunzi aliyerudishiwa karatasi imechorwa nyekundu. Nilikuwa nimefanya kazi ile kwa uangalifu wote niliokuwa nao, na uangalifu wenyewe ndio ulioniumiza. Mtu mvivu, mwenye kutupa glavu ovyo, angekuwa bado kazini. Nikamuuliza nirekebishe nini ili niendelee.

"Usirekebishe," akasema. "Toka kwenye mpira. Shambulio lingine kama hili linaweza lisikupe nafasi ya kufika kwetu."

Sikutoka. Nilirudi Geita na mpango. Nilidhani naweza kuutoa mpira kwenye maabara badala ya kujitoa mimi. Glavu za utomvu zikaenda zote, zikaja za buluu, za aina nyingine, ambazo hazitoki kwenye mti. Mirija ya gesi nikabadilisha. Badala ya vizibo vya mpira nikaweka vya gome la mti. Nikapangusa kuta kwa kitambaa kibichi, rafu, dari, hata taa. Rababendi nikazifungia kwenye kopo na kuzipeleka ofisi ya taaluma. Wanafunzi walinitazama nikitoa makopo nje.

"Madam anahama?"

"Nasafisha."

"Mbona hata ukuta unahama?"

Kwa muda kifua kilitulia. Nililala vizuri. Nilianza kuamini kwamba nimeshinda, na nikawa nakagua kila kitu kinachoingia mlangoni kama askari wa mpakani: mfuko wa nani, viatu vya nani, kifutio cha nani. Mnaona ninakoelekea. Mtu anayerudi mlangoni kutazama koki ya gesi, mkabidhi adui anayeweza kujificha kwenye kifutio cha penseli, uone. Nilichoka kwa namna ambayo usingizi hauwezi kuiondoa.

Halafu mkuu wa shule akapata msaada. Mhisani mmoja, mtu mwema kabisa, alileta maboksi na maboksi ya glavu. Mkuu, aliyejua tu kwamba naumwa kifua, akaniita ofisi ya walimu ili nifurahi. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshafungua boksi na ameshavaa moja, ananyoosha vidole, unga mweupe umetapakaa kwenye suti yake.

"Madam Minza! Umelilia glavu miaka yote. Haya, hizo hapo, mpaka utupe!"

Walimu wakapiga makofi. Mimi nikaona ule unga ukielea kwenye mwanga wa dirisha. Nikageuka nikakimbia. Nilimkimbia mkuu wangu wa shule, mbele ya walimu wote, bila neno, kitenge kikinitoka kiunoni, mpaka nikafika uwanja wa mpira wa miguu na kukaa chini katikati, nikiwa na dawa ya kuvuta mkononi.

Mwalimu Shija alinifuata. Alikaa nyasini mbali kidogo, akavua koti lake na kulikung'uta upande wa pili kabla hajazungumza.

"Mkuu anadhani umemdharau."

"Utamweleza?"

"Nimeshamweleza. Ameenda kuoga." Akanigeukia. "Minza, mimi nimebakiza kidogo nistaafu. Unajua ninachotaka?"

"Nini, mwalimu?"

"Nistaafu bila kumbeba mtu tena. Mgongo wangu ni wa zamani, na wewe si mwepesi hivyo."

Nilicheka, kisha nikalia. Nikamwambia naweza kukagua zaidi. Naweza kuandika tangazo mlangoni. Naweza kukaa stoo tu, nisiingie darasani.

"Dunia imejaa mpira," akasema, na akanyanyua mguu wake. "Tazama hata hizi ndala. Utanikagua na mimi?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshazikagua.

"Nani atafanya maonyesho?" nikauliza.

"Mtu mwingine."

"Ataharibu."

"Ataharibu," akakubali. "Halafu?"

Nilikaa na swali lile mpaka kengele ikalia na wanafunzi wakaanza kutoka. Barua ya kuacha kazi niliiandika wiki ile ile. Nitawaambia kitu ambacho watu hawasemi kwenye hotuba za kuaga: sikuhisi ushujaa, wala amani. Nilihisi kama mtu aliyeshusha ndoo kichwani na shingo bado inaamini ndoo ipo.

Aliyekuja nafasi yangu anaitwa Kulwa. Kasomea, ana cheti, ana vidole vinavyoangusha vitu. Tulikabidhiana nje, kwenye veranda. Nilimweleza kuhusu maji ya vuguvugu, kivuli cha kuanikia, pakiti iliyofungwa, koki ya gesi. Kila nilipomaliza nilikumbuka lingine.

"Sawa, dada."

"Na bika kubwa usiishike kwa mdomo wake, ishike chini."

"Sawa, dada."

"Na ukivunja—"

"Dada," akasema kwa upole, "gari lako halijaondoka?"

Siku niliyoondoka Geita nilipita shuleni kuchukua vyeti vyangu vya utumishi. Bodaboda alinisubiri barabarani. Sikuingia hata getini. Mlinzi aliniletea bahasha nje. Nilisimama upande ule upepo unakotokea, kama daktari alivyonifundisha, na madirisha ya maabara yalikuwa wazi. Kidato cha sita walikuwa na polima. Nilisikia sauti ya Kulwa ikijikaza:

"Mshikaki huu utapita katikati ya puto hili, utokee upande wa pili, na puto halitapasuka."

Pa! Darasa likalipuka kwa kicheko.

Nilijua kosa lake bila kuona. Mshikaki unapakwa mafuta ya kula kwanza. Haupigwi ubavuni, ambako mpira umevutika mpaka mwisho. Unaingizwa karibu na fundo, ambako minyororo bado imelegea, huku ukiuzungusha taratibu, na unatokezwa upande wa juu, pale penye duara jeusi. Puto lisijazwe sana. Dakika moja tu ningemwonyesha.

Pa! Mara hii walipiga na meza.

"Leta jingine," sauti ya Mwalimu Shija ikasema, bila haraka yoyote.

Nilikuwa nimeshika uzio kwa mikono miwili. Mlinzi alinitazama, akatazama madirisha, akanitazama tena. Kule ndani darasa lilitulia kabisa, utulivu ule wa watu wanaosogeza vichwa mbele.

"Dada," bodaboda akaniita, "twende, au tunangoja sherehe ya watu iishe?"

"Twende," nikasema.

Alipiga kiki, pikipiki ikanguruma, na sikusikia tena chochote kutoka maabara. Namba ya Mwalimu Shija ninayo, na ningempigia angenijibu lile puto la tatu lilikuwaje. Sijamuuliza.